Venye Tulipeleka Kikuyu ya Tata Njoki Ikapimwe Loresho

Wasee wa Ngara, sasa. Tangu nirudi mmeniuliza hii maneno mpaka ulimi imepata sugu. Athmani wa kanzu nilimwambia moja, Mama Otis wa nyanya nikamwambia ingine, na yule jamaa wa kutengeneza redio nikampa ya tatu yenye iko na simba ndani. Sasa nasikia hizo tatu zimekutana kwa kibanda ya chai zikapigana. Basi nimeketi chini nimeandika. Mkono yangu haikuenda shule sana, ilifika kwa geti ikarudi, kwa hivyo someni pole pole na msinicheke. Simba hakukuwa. Kuku ndio alikuwa.

Ngara, kabla ya kuondoka

Na msijifanye hamkumbuki ni nyinyi mlianza. Tulikuwa tumeketi hapa, biashara imelala, tukaanza kubishana lugha gani ndio ngumu duniani. Athmani akasema Kiswahili ya kwao Lamu ni bahari, ati sisi wengine wote tunaogelea kwa karai. Mama Otis akasema Kijaluo ni neno moja tu na mtu mzima anaenda nyumbani kulia. Mimi nikasema Kikuyu ya shangazi yangu, Tata Njoki, ni ngumu mpaka akiamka asubuhi lazima aanze na maneno ndogo ndogo, ndio taya ipate moto kwanza. Akianza na kubwa, inavunjika.

Kumbe kuna mama alikuwa amesimama hapo nyuma akichagua beseni, anasikia. Akacheka mpaka akaweka beseni chini. Akasema anaitwa Daktari Atieno, na sio daktari wa sindano, ni daktari wa lugha. Ati yeye na wenzake wako na nyumba Loresho, na kazi yao ni hiyo hiyo yenye sisi tunafanya bure: wanachukua lugha, hii na ile, wanapima gani iko na ugumu wapi, halafu wanalinganisha. Aki ya Mungu, nilidhani ananitania. Watu wanalipwa kubishana! Akaniambia, "Huyo shangazi, mlete."

Sasa hapa ndio kuna kitu sikuwaambia siku ile, kwa sababu nilikuwa bado natafuta mahali ya kuiweka kwa roho. Tata Njoki alikuwa na uvimbe kwa shingo, kama embe imekwama. Madaktari wa hospitali ya Upper Hill walikuwa wamesema lazima ikatwe. Na wakasema uvimbe umelala karibu sana na mshipa wa sauti, kwa hivyo anaweza kuamka bila sauti, ama na sauti ya mtu mwingine.

Mnajua mimi uongo yangu yote nilitoa wapi? Mama yangu alikuwa akienda kuchuma kahawa ya wenyewe, mimi naachwa kwa Tata, na jioni Tata anafungua mdomo. Mazimwi, fisi, wasichana wanaoolewa na miti. Mimi ni redio tu, yeye ndio stesheni. Sasa stesheni inataka kufungwa na hakuna mtu ameshika hata wimbo moja! Kwa hivyo nilimwuliza Daktari Atieno kitu moja tu: mkimpima, mtanipatia tepu yenye iko na sauti yake? Akasema, "Hiyo nakuahidi." Basi, hapo nikawa tayari kumpeleka Tata Loresho hata kwa kumbeba mgongoni.

Siku yenye ilipatikana ilikuwa moja tu, ile ya kulazwa. Asubuhi Upper Hill kutolewa damu, mchana Loresho, halafu saa kumi na moja jioni awe wodini, kwa sababu vitanda ni chache, na ukichelewa inapewa mgonjwa mwingine. Ukiangalia kwa akili, inawezekana. Lakini ilikuwa ile miaka sheria ya mikanda kwa matatu bado inatushangaza, na asubuhi hiyo hiyo matatu zote za Nairobi zikagoma. Nikatoka nje nikapata barabara imejaa watu wa miguu kama Wana wa Israeli, tofauti ni hawa walikuwa wamebeba mafaili.

Ngara mpaka mlima wa Upper Hill, juu ya viazi

Tata alikuwa amelala kwangu. Akatoka na kitambaa yake ya kichwa, kiondo mkononi, na ndani ya kiondo kuku jike, mwekundu, macho kali.

"Tata, huyo ni wa nini? Tunaenda hospitali."

"Na baadaye tunaenda kwa mtu. Wewe ulilelewa na nani, uende kwa mtu mikono ikining'inia kama nguo kwa kamba?"

Na mimi nililelewa na yeye, kwa hivyo nikamshikia kiondo tukatoka.

Hapo ndio Mungu alituma Mutua. Mnamjua, yule Mkamba wa mkokoteni, mwenye mabega kama mlango ya benki. Alikuwa anapeleka magunia mawili ya viazi kwa hoteli fulani huko juu Upper Hill. Akaangalia Tata, akaangalia watu wenye wanatembea.

"Shosho, panda hapo juu ya viazi."

Tata akasema, "Nimebebwa na punda, nimebebwa na lori ya kahawa. Sijawahi kubebwa na Mkamba."

"Leo utaona tofauti, shosho. Punda haikuulizangi habari ya nyumbani."

Basi tukaondoka. Tata juu kama malkia, kuku kwa mapaja, mimi nyuma nasukuma. Wakaanza kuongea, yeye na Kikuyu yake, Mutua na Kikamba yake, kila mtu kwa lugha yake, na wanasikizana. Mutua akasema Kikuyu ni Kikamba yenye imekaa kwa baridi sana. Tata akamrudishia, Kikamba ni Kikuyu yenye ilitumwa maji ikapotea njia. Mutua alicheka mpaka mkokoteni ikapinda, na roundabout ya Globe ikakaribia kutuona kwa ubaya.

Katikati ya mji askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, akatusimamisha. Akasema mkokoteni hairuhusiwi hapo saa hiyo, na akauliza umebeba nini. Kabla Mutua afungue mdomo, Tata akasema, "Viazi."

"Na wewe mama?"

"Mimi ni kile kikubwa."

Huyo askari alijaribu kukasirika, wasee. Nilimwona akijaribu. Uso ikakataa. Akasimamisha magari yote kwa mkono, pikipiki ya balozi sijui wa wapi, ndege zikasimama hewani, tukapita.

Halafu tukafika ule mlima wa kupanda Upper Hill, pale ukishavuka reli. Mutua akaangalia mlima, mlima ikamwangalia. Akamshusha Tata akamketisha kwa jiwe, akapeleka viazi peke yake mpaka juu. Kisha akarudi na mkokoteni tupu, akampandisha Tata. Mimi nikamchekelea, nikamwambia amefanya kazi mara mbili.

Akasema, "Mzigo ni ile ile, buda. Kuna mtu hupeleka yote mara moja akafika akiwa amevunjika mgongo. Mimi napeleka mara mbili na nafika nikiimba."

Na kweli alikuwa anaimba. Wekeni hiyo maneno mahali, nitairudia.

Kwa benchi ya damu

Nilikuwa nimeambiwa kutolewa damu ni dakika kidogo. Tulikuta benchi imejaa, na mwenye kutoa damu na yeye alikuwa anatembea kwa miguu kutoka kwao, hajafika. Tukaketi. Nilikaa hapo mpaka ndevu ikamea nikanyoa ikamea tena.

Shida haikuwa kungoja, ilikuwa kuku. Mwanzoni alinyamaza, akishangaa tu harufu ya dawa. Halafu akaanza, "Kooo... ko ko." Nesi mmoja akageuka. Na hapo, bila mtu kuambia mtu, mzee aliyekuwa kando yetu akakohoa. Nesi akaenda. Kuku tena, "Ko ko ko," na mama mwingine akakohoa. Mara ya tatu benchi nzima ikakohoa, watu wa mguu, watu wa macho, hata kijana wa mkono iliyovunjika. Nesi akasimama mbele yetu, mikono kiunoni.

"Nyinyi wote mmekuja na kifua?"

"Ni baridi, sista," mzee akasema.

Akaangalia kiondo. Kiondo ikapumua. Akamwangalia Tata, na hiyo shingo yake. Nesi akainama, akamwita nyanya kwa Kikuyu, akasema polepole, "Cucu, hiyo kikohozi yako ukirudi jioni isiwe na manyoya."

Mungu ambariki huyo msichana, hata jina sikumwuliza.

Tulipotoka jua ilikuwa imeshapita kichwa. Tukanunua chai na mandazi kwa geti, mandazi kubwa hivi, moja inaweza kuezeka nyumba. Tata akala mbili. Akaniuliza, "Gathogo, huko tunaenda, hiyo mizani yenyewe iko namna gani? Mtu anapanda ama anaongea karibu nayo?"

"Sijui, Tata."

"Na wakipima wapate Kikuyu yangu ni nzito sana, nani ataibeba kurudi?"

Upper Hill mpaka Loresho, na marehemu hayuko

Mutua alikuwa ameenda zake na baraka zetu. Mimi nikasimama barabarani kupungia kila kitu yenye iko na magurudumu. Magari ya watu wakubwa yalipita vioo vimefungwa. Mwishowe moja ikasimama. Ndefu, nyeusi, safi, maua ya plastiki kwa kioo. Gari ya maiti.

Dereva alikuwa mwanaume mnene, suti nyeusi, uso kama ukuta. Alikuwa ameleta mtu mochari na sasa anarudi Limuru na gari tupu. Nikamwambia tunashuka pale pa kuingia Loresho. Akafungua mlango. Hakusema ndio, hakusema hapana. Baadaye nilijua anaitwa Njuguna, lakini njia yote ya kwenda sikusikia hata herufi moja kutoka kwake. Nafikiri ukibeba wateja wenye hawajibu, na wewe unazoea.

Tata akasimama nje akaangalia hiyo gari juu mpaka chini.

"Mtoto wa ndugu yangu. Kesho nakatwa shingo. Na leo unaniweka kwa hii?"

Nikataka kumwambia Njuguna aende tu. Lakini Tata akafikiria, akapanga kitambaa yake ya kichwa, akasema, "Ni sawa. Nikiipanda nikiwa hai na nishuke nikiwa hai, itakuwa imenikosa mara moja. Kitu ikikukosa mara moja inakuonea haya." Akakaa mbele, karibu na Njuguna. Mimi na kuku tukalala huko nyuma, mahali pa sanduku.

Hiyo barabara ya Waiyaki Way ilikuwa imejaa watu wa miguu, maelfu kwa maelfu. Na kila mahali tukipita wanaume wanavua kofia, wamama wanainamisha kichwa. Nikaona ni ukosefu wa adabu kutojibu. Pale Westlands nikainuka kwa kioo nikawapungia mkono. Wasee! Mama mmoja wa ndizi aliacha ndizi zote akaokoka hapo hapo, na nasikia mpaka leo anahubiri. Wanaume wawili waliokuwa wamechoka sana kutembea walikumbuka miguu.

Mbele Tata alikuwa anamwongelesha Njuguna. Mvua, bei ya maziwa, nani alizaa na nani Limuru. Njuguna kimya. Tata akaniambia kwa sauti, "Huyu ndio wangepeleka akapimwe. Lugha yake ni nyepesi sana."

Loresho

Loresho ni kwingine. Miti ni mingi mpaka ndege wanapotea. Njuguna hakutushusha barabarani, alituingiza mpaka kwa mlango ya nyumba. Mlinzi alipoona gari alivua kofia, akafungua geti yote mbili, na akaenda kuita watu ndani akilia.

Daktari Atieno akatoka mbio, akaona Tata anashuka na kuku, akashika kifua. "Gathogo, utaniua!"

"Gari imekuja na nafasi, daktari."

Akapokea kuku kwa mikono mbili na kupiga goti kidogo, vile inatakiwa, na Tata akampenda hapo hapo. Halafu tukawekwa mezani. Sasa, Daktari ni Mjaluo na alikuwa ametupikia kwa heshima yote samaki mzima, na kichwa yake, na macho yake. Tata kwao samaki hailiwi. Alikaa akaangalia samaki, samaki akamwangalia, hakuna aliyetaka kuanza. Nikaona Daktari ameanza kuelewa, uso inaanguka. Tata akasema, "Mwanangu, umenipikia vizuri. Lakini huyu ananiangalia kama ananijua." Tukacheka wote, na akaletewa ugali, sukuma na maziwa lala. Samaki nikamaliza mimi, halafu nikamaliza na samaki mwenzake aliyekuwa jikoni.

Kisha tukaingia kwa chumba ya kazi. Kuta imejaa magodoro ili sauti isitoroke. Meza, kinasa sauti, dirisha kubwa. Tata akatafuta mizani, hakuona. Daktari akamweleza vizuri, pole pole. Ati wana picha, hazina maneno, ni za mzee mmoja ambaye mbuzi amemchukulia kofia. Kila mtu wa kila lugha anaonyeshwa picha zile zile, anaeleza kwa lugha yake, peke yake, na wengine wote kimya kabisa ili wote wapimwe sawa. Halafu wanakaa na zile sauti wanaangalia: hii lugha iko na sauti ngapi, ile neno yake imebeba nini na nini, hii imesema nini wazi, ile imeachia msikilizaji ajijazie.

"Kuna lugha hubeba mzigo yote kwa neno moja," akasema, "na ingine hugawa kwa maneno sita."

Nikaruka. "Kama Mutua na viazi!"

Nikamweleza habari ya mlima. Alifurahi, akaandika. Lakini akasema wao bado wanatafuta mlima ya kupimia, kwa sababu mtu akitoka Ukambani Kikuyu kwake ni mteremko, na yeye aliyetoka Kisumu anapanda akihema.

Basi Tata akapewa picha. Kinasa sauti ikawashwa. Tata akaziangalia zote, akaweka chini, akasema kwa Kikuyu: mbuzi imechukua kofia. Kisha akanyamaza.

Daktari akangoja. Akasema kwa upole, "Endelea tu, cucu. Sema yote unaona."

"Kwani wewe huoni? Picha si ni zako?"

"Naona, lakini..."

"Mimi sitaambia mtu mwenye macho kitu iko mbele ya macho yake. Huko kwetu hiyo ni kumwita mtu kipofu. Na umenilisha."

Nilianza kuona Kikuyu ikiandikwa ndio nyepesi kuliko zote duniani, na Athmani akisherehekea hapa na halua. Lakini hiyo ni mchezo. Kitu yenye ilinichoma ni hiyo tepu. Mbuzi imechukua kofia! Maisha yangu yote nibaki na hiyo tu?

Daktari akasema sawa, tuache picha, cucu atupe hadithi yoyote anayopenda. Tata akaangalia dirisha.

"Saa hii? Na jua iko hapo? Hadithi hailetwi mchana. Mbuzi zinapotea."

"Tata, wewe hata huna mbuzi siku hizi," nikasema. "Tata, tafadhali. Kesho wanakata."

Akanigeukia. Hakuwa anacheza tena.

"Najua kesho wanakata, Gathogo. Shingo ni yangu. Ndio maana leo, kwa siku zote, sitavunja mwiko."

Nilikaa nikaangalia viatu. Saa ilikuwa inaenda, kitanda iko ng'ambo nyingine ya Nairobi, gari hakuna.

Ni Daktari Atieno aliyetuokoa. Akasema kama anaongea peke yake, "Nyanya yangu pia alikuwa hivyo. Mchana ungemlipa ng'ombe, asingekupa hata mwanzo." Akasimama. Akafunga mapazia. Akaleta blanketi akapigilia juu ya mapazia. Akaziba chini ya mlango na taulo. Chumba ikawa nyeusi tititi, akawasha mshumaa moja akaweka chini.

Tata akacheka puani. "Hii ni usiku ya kitambaa. Unafikiri unaweza kudanganya usiku?"

Na hapo, kwa giza, tukasikia kitu inatembea. Kuku. Alikuwa ametoroka jikoni, akatufuata ndani kabla mlango kuzibwa. Akazunguka mshumaa. Akaangalia huku, akaangalia huko. Akapiga mabawa akapanda kwa mgongo ya kiti, akajipanga, akajishusha, "krrr," akaingiza kichwa kwa bawa. Akalala.

Tata alimwangalia huyo kuku muda mrefu sana.

"Kuku amekubali," akasema. "Yeye hana sababu ya kunidanganya."

Daktari akawasha kinasa sauti, akaweka kidole kwa mdomo: sisi wote kimya, ndio sheria. Tata akakaa sawa, akaweka mikono kwa magoti, na ile sauti ikatoka, ile ya utoto yangu, ile ya kupita kwa migomba:

"Ugai itha!"

Hapo mwenye kusikiliza anatakiwa kujibu "Itha!" Bila hiyo hadithi haifunguki, ni kama kubisha kwa nyumba na ukose mtu. Lakini sheria ni kimya. Daktari ameuma mdomo. Mimi nimeshika goti. Tata akangoja. Kimya. Kimya mpaka nikasikia mshumaa ikila.

Akaita mara ya pili, na sasa kwa sauti kulikuwa na kitu kama kuvunjika. "Ugai itha!"

Kimya.

Na nyuma ya mlango, kama radi, sauti ya mwanaume: "ITHAAA!"

Ni Njuguna! Hakuwa ameenda! Alikuwa amesimama kwa korido na suti yake nyeusi muda wote, sikio kwa mlango. Daktari akafungua mlango akamwingiza, na akatupa mkono hewani kama mtu amesema potelea mbali. Mara ya tatu Tata alipoita tulijibu wote, mimi, Njuguna, Daktari, na mpishi aliyekuja kutafuta kuku.

Alitupa ile ya zimwi lililomeza kijiji kizima na likashindwa na mwanamke mmoja, kwa sababu huyo mama aliendelea kuongea ndani ya tumbo, akiuliza habari ya nyumbani, akilalamika giza, akiomba chumvi, mpaka zimwi likaumwa kichwa na kutapika kila mtu, na ng'ombe, na mawe matatu ya jiko. Njuguna alilia machozi ya kucheka. Daktari hakuelewa nusu, na alikuwa anajibu kuliko sisi wote.

Ilipoisha, Daktari akaniambia hiyo tepu ya pili haiwezi kulinganishwa na zingine, kwa sababu wengine wote waliongea peke yao. "Lakini sasa nina swali mpya ya kuwapelekea wenzangu," akasema, na alikuwa ameng'aa macho. "Tumekuwa tukipima mtu mmoja. Huyu mama lugha yake iko kwa watu wawili." Ya kofia akabaki nayo. Ya zimwi akaifanyia tepu, akanipa mkononi.

Kurudi Upper Hill

Kuku alibaki Loresho akilala. Nasikia anataga mpaka wa leo, na hakuna mtu anathubutu kumpika.

Njuguna alikuwa aende Limuru, upande wa kulia. Akakunja kushoto kurudi mjini bila kuombwa, na wasee, alifungua mdomo. Aliongea kutoka Loresho mpaka Upper Hill bila kuvuta pumzi: bibi yake, goti yake, chama ya kanisa, maiti moja ya Nyeri yenye ilikuwa na familia mbili. Tata hakupata nafasi hata ya kukohoa. Akanigeukia akaninong'oneza, "Kumbe mzigo ilikuwa huko, ilikosa tu wa kuishusha."

Tulifika karani ameshika kalamu, anataka kufuta jina kwa kitanda. Alipoona gari gani imetuleta akasimama, akaweka kalamu chini. Na yule nesi wa benchi alikuwa mlangoni. Akaangalia kiondo. Ilikuwa tupu.

"Umepona kikohozi, cucu?"

"Imebaki Loresho," Tata akasema, na akaingia.

Wodini

Sasa mnaniuliza lugha gani ilishinda. Athmani, hakuna. Daktari anasema kila moja iko na mahali imejaza na mahali imeachia mwenzako ajaze, na kujua gani imebeba zaidi ni kazi hawajamaliza. Kwa hivyo bahari yako ibaki, na karai yangu ibaki. Mutua, nesi, mzee wa kukohoa, askari wa kanjo, Daktari, Njuguna: mnaona hao watu? Toa mmoja tu na ningekuwa na tepu ya kofia.

Na mnaniuliza sauti. Upasuaji ilienda vizuri. Uvimbe ilitoka, na Tata akaamka. Lakini sauti ilibaki kidogo, kama mlango ya ghala inafunguliwa mbali. Daktari wa sindano anasema tungoje, inaweza kurudi, na kila wiki naona ni kama imesogea hatua moja.

Ile siku ya kwanza niliruhusiwa kumwona nilienda na tepu na kale karedio kangu. Ilikuwa mchana, jua imejaa wodi. Nikaweka tepu. Tata akanishika mkono, akatingisha kichwa, akaonyesha dirisha.

Nikamwambia, "Tata, si tayari umeisema?"

Akatingisha tena. Halafu akashika blanketi ya hospitali, ile ya kijivu ya kuwasha, akaivuta polepole mpaka ikatufunika vichwa wote wawili, yeye, mimi na redio. Kukawa giza. Nikabonyeza.

Ikatoka ile sauti yote, nzima, ya kupita kwa migomba: "Ugai itha!"

Halafu ile kimya. Nilikuwa nimeisahau, ile kimya yetu ya Loresho, tepu inazunguka na hakuna mtu anajibu. Nikataka kusema kitu. Na hapo kando ya sikio yangu, ndani ya blanketi, ndogo kama kiberiti inawashwa, nikasikia:

"Itha."